Piki ikidondoka, tazama mkono kwanza

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa upande wa Usa River, aliingia chumba changu mwezi Februari akiwa na mfuko mdogo. Nilidhani ni dawa alizokuwa akitumia, maana wagonjwa wetu tumewazoesha waje nazo. Akaumwaga mezani. Zikatoka piki kumi na nne za gitaa.

Kwa msomaji asiyepiga gitaa, piki ni kile kipande kidogo cha plastiki chenye pembe tatu, ambacho mpigaji hukibana kati ya dole gumba na kidole cha shahada ili kupigia nyuzi. Kati ya zile kumi na nne, tatu tu zilikuwa za dukani. Nyingine alizikata mwenyewe. Moja ilikuwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Nyingine ilitoka kwenye dumu la mafuta ya kupikia, nyingine kwenye kifuu cha nazi, nyingine kwenye soli ya kandambili, na moja ilikuwa pembe ya ng'ombe aliyoisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Pamoja nazo alileta daftari la shule. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, aina ya piki, dakika alizopiga, na alama za ganzi kuanzia sifuri hadi kumi.

Ameniruhusu nisimulie habari hii bila jina lake, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili majirani wasimtambue.

Mwalimu hapigi gitaa kwa fedha. Anapiga solo kwenye kwaya ya kanisa lao, mazoezi mara mbili kwa wiki na ibada Jumapili. Kuanzia katikati ya mwaka uliopita piki ilianza kumdondoka katikati ya wimbo. Alidhani inateleza. Ndipo akaanza utafiti wake: akibadili unene, akibadili malighafi, akitoboa tundu katikati ili dole gumba lipate mahali pa kushika. Miezi minane.

Nataka kuwa mkweli hapa. Miezi hiyo minane haikuwa yake peke yake. Mwezi Julai alikuja kwangu. Ilikuwa baridi, ile baridi ya Arusha ya asubuhi ambayo Meru hauonekani kwa wingu, na foleni ilikuwa imefika nje. Akaniambia mkono wa kulia unauma na kufa ganzi akipiga gitaa. Nikaandika baridi yabisi, nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia apumzishe gitaa mwezi mmoja. Dakika tano, basi. Aliporudi Februari aliniambia kwa upole wa kiualimu, "Daktari, uliniambia niache gitaa. Hukuniuliza ninalishikaje."

Kweli sikumwuliza. Na sikumwuliza swali jingine rahisi zaidi, kwamba vitu gani vingine vinamdondoka.

Jibu lilikuwa chaki. Ilikuwa ikimdondoka darasani tangu kabla ya piki, lakini yeye aliona ni chaki za siku hizi, laini na za kukatika ovyo. Asubuhi alishindwa kufunga kifungo cha shati. Kalamu nyekundu ya kusahihishia ilikuwa ikimchosha baada ya madaftari kumi, zamani alikuwa akisahihisha arobaini bila kusimama. Na pembeni mwa lile daftari la piki, kwa maandishi madogo, alikuwa ameandika mambo ambayo yeye aliyaona hayana maana, na mimi nilipoyasoma niliona aibu: "Saa nane usiku niliamka kukung'uta mkono." "Ganzi baada ya pikipiki kwenda Tengeru, sikupiga gitaa leo." "Kidole cha mwisho hakina shida."

Daktari yeyote akisoma mistari hiyo mitatu anajua pa kutazama. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini yake ni mifupa midogo, juu yake ni utepe mgumu usiotanuka. Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati ya kano hizo umejibanza mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaoleta hisia kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na mshipa mwingine unaopita kwingine, ndiyo maana chake kilikuwa kizima. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, mshipa unabanwa. Usiku tunalala tumekunja mikono chini ya shavu, kwa hiyo usiku ndiyo saa yake ya kulalamika. Mtu huamka, hukung'uta mkono kama anayekausha maji, hupata nafuu, hulala tena.

Nilimwomba akunje vifundo vyote viwili, migongo ya viganja igusane, akae hivyo dakika moja. Kabla dakika haijaisha mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Nilipotazama kiganja chake, ile nyama iliyonona chini ya dole gumba ilikuwa imeanza kupungua ikilinganishwa na ya kushoto. Hiyo ni dalili ya kwamba tumechelewa kidogo.

Sasa turudi kwenye piki, kwa sababu utafiti wa Mwalimu haukuwa upuuzi. Nilipolipitia daftari lile kwa utulivu niliona limejaa ukweli, ila mwenyewe alikuwa amelisoma vibaya.

Piki ndogo, ngumu na laini juu ndiyo iliyompa alama mbaya zaidi. Haishangazi. Kitu kidogo kinachoteleza hukifanya kidole kibane kwa nguvu zaidi, na kubana kuna gharama ambayo haionekani. Nguvu unayoiweka kwenye ncha ya dole gumba hufika kwenye kiungo cha chini cha dole hilo ikiwa imezidishwa mara nyingi, kiasi cha kilo moja kwenye ncha kugeuka kilo kumi na zaidi kwenye kiungo. Mama anayekoboa mahindi kwa dole gumba kutwa nzima anajua maumivu ya mahali hapo. Piki kubwa yenye mikwaruzo, kama ile ya pembe ya ng'ombe kabla hajaisugua, ilimpa nafuu. Alipoisugua ikang'aa, ganzi ikarudi. Liko kwenye daftari, tarehe kwa tarehe.

Kisha akajaribu kuiga wapiga udi wa Zanzibar. Wao hawatumii piki fupi. Wanatumia risha ndefu, ambayo asili yake ilikuwa unyoya wa ndege mkubwa na leo mara nyingi ni plastiki, nao huilaza ndani ya mkono badala ya kuibana kwa ncha za vidole viwili. Alikata utepe mrefu kwenye dumu, akaushika hivyo. Ganzi ikashuka kutoka saba hadi nne.

Mwisho akaacha piki kabisa. Baba yake alikuwa shabiki wa Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa kavu wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, leo Likasi. Bosco hakuhitaji piki. Alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada vitupu, dole likishuka kwenye nyuzi za besi na kidole kikichezea zile nyembamba, na kutoka kwenye vidole viwili hivyo ukasikia kama magitaa mawili. Mwalimu alitumia mwezi mzima kujifunza namna hiyo. Ganzi ikashuka hadi tatu.

Hapo ndipo alipodanganyika, na wagonjwa wengi hudanganyika hapohapo. Nafuu aliyoipata ilikuwa ya kweli. Asipobana, mshipa unapumua. Lakini akachukulia kwamba kilichopunguza maumivu ndicho kilichokuwa chanzo chake, akaendelea kutafuta piki itakayomfikisha sifuri. Piki hiyo haipo. Siku ambazo hakugusa gitaa kabisa, daftari lake mwenyewe lilisema ganzi mbili.

Chanzo kilikuwa wapi? Nilimpima sukari asubuhi kabla hajala. Ikasoma 11.2. Kuanzia 7.0 tunaita kisukari, tukirudia kipimo siku nyingine ikawa hivyohivyo, na siku nyingine ilikuwa 10.6. Watu wenye kisukari hubanwa mshipa huu zaidi ya wengine, na mishipa yao ya fahamu tayari inakuwa na njaa kabla haijabanwa. Hakuwa na habari. Kiu ya mchana alidhani ni vumbi la chaki.

Si kila mkono uliokufa ganzi una kisukari, naomba tuelewane. Wajawazito hubanwa mshipa huu kwa sababu ya uvimbe wa mwili, na wengi hupona baada ya kujifungua. Tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri linaweza kuleta hali hiyo. Ukiwa na baka la ngozi lililopauka, ukiligusa kwa pamba husikii, na vidole vinakufa ganzi, usikae na aibu, nenda upimwe ukoma, kwa sababu bado upo, unatibika, na dawa zake ni bure. Na huku kwetu kwenye miteremko ya Meru kila kiungo kinachouma huambiwa ni maji. Ni kweli mwamba wa mlima huu wa volkano unaingiza floridi nyingi kwenye chemchemi na visima vyetu, mara nyingi juu ya kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali, na meno ya kahawia ya watu wetu ni ushahidi wake. Ikizidi kwa miaka mingi hukakamaza mgongo na viungo vikubwa. Lakini ganzi ya vidole vitatu na nusu inayokuamsha saa nane usiku, usiisingizie maji ya Maji ya Chai kabla hujapimwa.

Wapo waliotatua shida ya mikono yao kwa ubunifu, tena kwa mafanikio makubwa. Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza vikofia vya vidole, akavibandika ngozi, akafunga nyuzi nyepesi, na bendi yake ya Black Sabbath ikaja kujulikana duniani. Tofauti yake na Mwalimu ni moja tu. Iommi alijua kilichoharibika. Aliyekuwa upande mwingine ni mpiga piano wa Marekani, Leon Fleisher, ambaye katikati ya miaka ya 1960 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe akipiga. Alizidisha mazoezi, hali ikazidi kuwa mbaya. Ulikuwa ugonjwa wa ubongo kuchanganya amri za vidole, hauumi, na hauponi kwa juhudi. Alipita miaka karibu 30 hadi kupata tiba ya sindano iliyomrudishia mkono wa kulia jukwaani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wapo wenzangu kazini watakaoguna. Mpiga gitaa, mshonaji, mchonga vinyago wa barabara ya Dodoma, fundi cherehani wa soko la Kilombero, akija na mkono unaouma, tuache kuanza na neno "acha". Tumwombe atuonyeshe. Mwalimu alipoleta gitaa lake kliniki, nilihitaji dakika mbili tu kuona kwamba amekaa kwenye kiti kifupi, gitaa limelala pajani, na ili mkono wa kulia ufike kwenye nyuzi ilimbidi akunje kifundo karibu pembe mraba. Mkanda wa begani na kiti kirefu kidogo vilinyoosha kifundo kile bila dawa. Jambo hilo ningeweza kuliona Julai.

Na wewe mgonjwa, jaribio lako endelea nalo, ila liwe na mwisho. Badili kitu kimoja kwa wakati, kama alivyofanya yeye, siyo piki na nyuzi na kiti siku moja. Andika. Andika na siku ambazo hukupiga, maana hizo ndizo zinazosema ukweli. Wiki mbili zikipita ganzi ipo palepale, lete daftari. Usingoje wiki mbili ikiwa unaangusha vitu, unaamshwa usiku, nyama ya kiganja inapungua, au kiungo kimevimba, kina moto na una homa.

Dawa za maumivu nitazisema kwa ufupi. Mwalimu alikuwa amezoea diklofenaki ya duka la mtaani, anameza kabla ya kila mazoezi ya kwaya kama vile ni chai. Dawa hiyo haifungui mshipa uliobanwa. Inachofanya ni kukuwezesha kuubana bila kusikia, na kwa mwenye kisukari au presha inaenda kugonga figo. Vidonda vya tumbo navyo havikai mbali.

Wazazi mmeniandikia mara nyingi kuuliza kuhusu watoto wanaojifunza gitaa, kanisani au shuleni, na walimu wengine wa muziki bado wanawaambia kwamba maumivu ni ada. Hapa inabidi kutenganisha. Ncha za vidole vya mkono unaobana nyuzi zitauma wiki za mwanzo, kisha zitaota sugu, na hayo hayana neno. Maumivu ya kifundo, ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, au ganzi ya aina yoyote, siyo ada ya kitu chochote. Mtoto akilalamika hayo tazama gitaa kabla ya kumtazama mtoto. Magitaa mengi ya bei nafuu yana nyuzi zilizokaa juu mno, ukizibana kwenye shingo ya gitaa hata mtu mzima anatoa jasho. Fundi anaweza kuzishusha. Zifungwe nyuzi za nailoni, au zilegezwe nusu sauti chini. Mtoto wa miaka minane anahitaji gitaa dogo, siyo la baba. Dakika kumi na tano kisha apumzike, kisha kumi na tano tena, ni bora kuliko saa nzima mfululizo. Asubuhi za Juni na Julai aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza.

Na mkiwa na mtoto mdogo nyumbani, kuna jambo moja kubwa kuliko yote niliyoyaandika leo. Piki huingia mdomoni, na inaweza kumkaba. Lakini kibaya zaidi ni kile kifaa kidogo cha kupimia sauti kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa. Ndani yake kuna betri bapa kama sarafu. Ikikwama kwenye koo la mtoto huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, nenda hospitali saa hiyohiyo, usimtapishe. Akiwa amezidi mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa kumi na mbili tangu ameze, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali isiwe sababu ya kuchelewa kuondoka. Kifaa kisichofungwa kwa skrubu mahali pa betri kikae juu ya kabati.

Mwalimu analala na kishikizo kinachonyoosha kifundo cha mkono wa kulia. Alikilalamikia wiki ya kwanza, wiki ya tatu akasema amelala hadi alfajiri bila kuamka, jambo ambalo hakulipata tangu Juni. Anameza metformini, ameacha soda ya mapumziko ya saa nne, na mtaalamu wa fiziotherapia anamfundisha mazoezi ya kutelezesha kano na mshipa ndani ya ile njia. Sukari yake ya asubuhi imeshuka hadi kati ya 7 na 8, bado hatujafika. Nyama ya kiganja haijarudi, na huenda isirudi yote. Nimempa rufaa aonwe na daktari wa upasuaji, kwa sababu mshipa ukiwa umebanwa hadi misuli inapungua, kuukata ule utepe wa juu ni uamuzi wa kufikiriwa mapema. Anaogopa kisu. Tumeshazungumza mara mbili, mara ya pili alikuja na mkewe, ambaye aliuliza maswali mazuri kuliko yeye.

Kwenye kwaya ameachia solo kwa kijana mmoja na yeye amehamia ridhimu, kwa piki kubwa ya pembe ya ng'ombe, isiyosuguliwa. Daftari bado analo. Kurasa za sasa amezigawa kwa rula, upande wa kushoto sukari ya asubuhi, upande wa kulia ganzi. Piki hazimo tena.